Kapteni Eric Wilson: vipi mateka aliye hai alipewa nishani ya marehemu

Tarehe 14 Oktoba 1940 gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, lilichapisha sababu za kumtunuku Kapteni Eric Charles Twelves Wilson nishani ya Victoria Cross, ambayo ndiyo ya juu kabisa ya ushujaa vitani. Mwisho wa maelezo hayo ilielezwa kwamba adui aliliteka boma lake saa 11 jioni ya tarehe 15 Agosti, na kwamba Kapteni Wilson, akipigana mpaka dakika ya mwisho, aliuawa.

Hakuuawa. Gazeti lile lilipotoka mtamboni, mwenyewe alikuwa mikononi mwa Waitalia, ana majeraha ya bega na jicho, anahesabiwa asubuhi na jioni kama mateka wengine. Alikuja kufariki Desemba 2008, akiwa na umri wa miaka 96.

Wengi husimulia kisa hiki kama muujiza wa mtu aliyefufuka, kisha wanakiacha hapo. Naona tunapoteza mengi kwa njia hiyo. Ndani ya kisa hiki kuna jinsi vita vya wakoloni vilivyopiganwa na Waafrika, jinsi habari ya mtu inavyopotea njiani, kanuni za nishani ambazo watu wachache wanazijua, na sheria ya mateka inayosema wazi kwamba kutoroka si jinai. Tuyafumue polepole.

Wilson alizaliwa mwaka 1912 katika mji wa Sandown, kisiwa cha Wight, mtoto wa kasisi. Alipitia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na mwaka 1933 akapata kamisheni katika rejimenti ya East Surrey. Mwaka 1937 aliazimwa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, akapangiwa batalioni ya Nyasaland, Malawi ya leo. Huko akajifunza Kinyanja mpaka akakimudu. Neno "kuazimwa" tulishike vizuri. Afisa wa Kiingereza aliendelea kuwa mtu wa rejimenti yake ya nyumbani, ila alitumwa kwa miaka kadhaa kuongoza askari wa makoloni. Ndiyo maana nyaraka zinamtaja Wilson kama mtu wa East Surrey, ilhali askari aliowaongoza siku ya mapigano walikuwa Wasomali. Mwaka 1939 alikuwa amehamishiwa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland, jeshi dogo la Wasomali chini ya maafisa Waingereza.

Italia iliingia vitani Juni 1940. Wakati huo ilishika Ethiopia, Eritrea na Somalia ya kusini, na ile Somaliland ya Waingereza, yenye bandari ya Berbera, ilikuwa kipande chembamba tu kilichobanwa katikati. Mpango wa Waingereza uliwategemea Wafaransa wa Djibouti wazibe upande mmoja. Ufaransa iliposalimu amri mbele ya Ujerumani, Djibouti nayo ikajitoa vitani, na upande ule ukabaki wazi. Tarehe 3 Agosti majeshi ya Jenerali Guglielmo Nasi yakavuka mpaka, watu karibu 25,000. Waingereza walikuwa na watu kama 4,000.

Ukiangalia ni akina nani hao, utashangaa jinsi vita hivi vinavyoitwa vya Wazungu. Sehemu kubwa ya jeshi la Nasi ilikuwa askari wa Kiafrika wa himaya ya Italia. Upande wa pili walikuwepo askari wa Rejimenti ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, Keya kutoka Nyasaland, batalioni mbili za Wapunjabi kutoka India, na Wasomali wa Kikosi cha Ngamia. Kikosi cha Waskoti, Black Watch, kilifika mapigano yakiwa tayari yamewadia.

Mahali pa kuzuia palikuwa pamoja tu: Tug Argan, kwenye barabara ya kutoka Hargeisa kwenda Berbera. "Tug" kwa Kisomali ni mto wa msimu, korongo la mchanga linalokaa kavu sehemu kubwa ya mwaka na kufurika mvua ikinyesha. Barabara inapita kwenye mwanya kati ya milima, na ndani ya mwanya huo vimetawanyika vilima vya mawe. Waingereza waliweka watu juu ya vilima hivyo na kuvipa majina ya kawaida kabisa: Mill Hill, Black Hill, Knobbly Hill, Castle Hill, Observation Hill. Udhaifu wa mpango ule ulionekana kwenye ramani kabla ya risasi ya kwanza. Vilima vilikuwa mbali na mbali, mizinga ilikuwa michache, na ndege za kuwakinga hazikutosha. Kila kilima kilikuwa kisiwa.

Wilson alikuwa Observation Hill, akiongoza maboma ya bunduki za rashasha, zile ambazo askari wa zamani waliziita bombomu. Tarehe 11 Agosti Waitalia walishambulia. Wapiga bombomu wa Kisomali waliwarudisha nyuma, kisha wakageuza bunduki na kuwapiga waliokuwa wakipanda Mill Hill. Walileta hasara kubwa kiasi kwamba adui aliamua kuwaondoa wao kwanza. Akasogeza mizinga midogo ya milimani mpaka yadi 700, kama mita 640.

Hapa tusimame kidogo, maana maneno "mita 640" yanapita haraka kwenye karatasi. Boma la namna ile ni ukuta wa mawe wenye tundu la kutolea mtutu. Tundu linampa mpigaji nafasi ya kuona na kulenga, na ukuta unamlinda na risasi. Ila mzinga ukiletwa karibu hivyo, mlengaji wake hahitaji kubomoa ukuta, anatafuta tundu. Na alilipata mara mbili. Makombora mawili yalipita palepale mtutu unapopita, yakapasukia ndani. Bombomu ziling'olewa kwenye miguu yake. Wilson alijeruhiwa vibaya bega la kulia na jicho la kushoto, watu wake kadhaa nao wakaumia. Sajenti wake Msomali aliuawa pembeni yake. Akaziokota bunduki, akazitengeneza, akazirudisha mahali pake, wakaendelea kupiga.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa mwanzo. Tarehe 12 na tarehe 14 mizinga iliwalenga tena, na majeraha yake yalikuwa hayajatibiwa. Jioni ya tarehe 12 Mill Hill ikaanguka. Tarehe 15 maboma yake mawili yalivunjwavunjwa, na kufikia hapo malaria nayo ilikuwa imempanda. Saa 11 jioni kilima kikatekwa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: kifo chake kilitoka wapi?

Siku ileile ya tarehe 15, Meja Jenerali Alfred Godwin-Austen, aliyefika kuchukua uongozi mapigano yakiwa yamekwisha kuanza, alipata kibali cha kuondoka. Usiku ulipoingia jeshi likaanza kurudi Berbera, na baada ya siku chache watu walikuwa melini wakielekea Aden. Wasomali wa Kikosi cha Ngamia waliopenda waliruhusiwa kubaki nchini na kurudi kwao. Kwa hiyo uwanja wa mapigano ulibaki mikononi mwa mshindi, na hakuna aliyeweza kurudi kesho yake kutazama. Katika hali hiyo orodha ya jeshi huwa na mafungu matatu: waliokufa mbele ya macho ya wenzao, waliobebwa wakiwa majeruhi, na waliopotea. Neno "kupotea" linafunika mengi. Linaweza kumaanisha kaburi, au kitanda cha hospitali ya adui, au mtu aliyejificha porini anasubiri giza. Waingereza walipoteza watu 260 katika kampeni nzima, ukijumlisha waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waitalia walipoteza zaidi ya 2,000. Winston Churchill aliiona hesabu ya 260 kuwa ndogo mno, akashuku kwamba watu hawakupigana kwa dhati. Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya eneo zima, alimjibu kwa ukali kwamba machinjo makubwa si lazima yawe ushahidi wa mbinu nzuri za vita. Upande wa Wavell ndio naukubali. Waliokaa siku tano ndani ya maboma yale hawakuwa na deni kwa mtu.

Mtu mwenye majeraha mawili makubwa, malaria mwilini, boma lake limevunjwa, kilima kimemezwa na adui. Waliomwona mara ya mwisho walimwona katika hali hiyo. Kudhani kwamba amekufa haukuwa uzembe, ndivyo yeyote angedhani. Kosa ni kwamba dhana hiyo iliandikwa kama jambo lililoshuhudiwa, na saa ikawekwa.

Ulikuwepo utaratibu wa kuzuia makosa ya namna hii. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 kuhusu mateka wa vita, ambao Italia na Uingereza zote ziliuridhia, uliitaka kila serikali kufungua ofisi ya taarifa za mateka, na majina yapitie wakala wa Msalaba Mwekundu katika nchi isiyo vitani. Mateka naye alipaswa kuwezeshwa, ndani ya wiki moja tangu afike kambini, kuandikia nyumbani kadi ya kusema ametekwa na afya yake ikoje. Kadi ndogo tu, maneno machache. Lakini fikiria ingepita wapi. Afrika Mashariki ya Waitalia ilikuwa imezingirwa. Mfereji wa Suez ulikuwa wa Waingereza, na pande za Sudan na Kenya zilikuwa mstari wa vita. Roma yenyewe ilipata shida kuwasiliana na majenerali wake kwa njia nyingine yoyote zaidi ya redio na ndege. Karatasi ya pendekezo la nishani, kwa upande wake, ilisafiri kwenye himaya isiyo na kizuizi mpaka London. Ikafika kwanza.

Kuna jambo la kanuni ambalo watu wengi hawalijui, na lenyewe linasaidia kuelewa uzito wa tangazo lile. Miaka ile, na mpaka mwaka 1979, afisa wa Uingereza aliyekufa akipambana na adui hangeweza kupewa nishani za katikati kama Military Cross. Hizo zilikuwa za walio hai. Kwa marehemu kulikuwa na njia mbili tu: Victoria Cross, au jina lake kutajwa katika ripoti ya jemadari. Hakukuwa na ngazi nyingine kati ya hizo. Kwa hiyo mtu anapodhaniwa amekufa, wakubwa wake hawakuwa na pa kupumzikia: ama wampandishe mpaka juu kabisa, ama waridhike na mstari mmoja kwenye ripoti. Sisemi kwamba Wilson alipewa kwa sababu hiyo. Siku tano zile zinajitetea zenyewe. Lakini asiyeijua kanuni hii haelewi kwa nini nishani nyingi hivyo za Victoria Cross zimekwenda kwa wafu.

Na ilipokuja kudhihirika kwamba yu hai, nishani haikutenguliwa. Msingi wake ni tendo, na tendo lilibaki vilevile. Hakuwa peke yake, maana Meja Herbert Le Patourel, aliyepigana Tunisia Desemba 1942, naye alitangaziwa Victoria Cross kama marehemu, kumbe amelala na majeraha mikononi mwa adui.

Wilson alipelekwa Eritrea, kambi ya Adi Ugri, mji unaoitwa Mendefera sasa, kusini mwa Asmara. Huko ndiko alikopata habari yake mwenyewe. Mateka aliyeletwa baadaye, aliyekuwa amesikia habari za nje, alimweleza kwamba kuna Kapteni Wilson aliyepewa Victoria Cross baada ya kufa. Sijui kama kuna mtu anaweza kujiandaa kupokea neno kama hilo, tena kutoka kwa mwenzake wa kambini, palipo waya na walinzi.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyofahamu. Mfungwa ni mtu aliyehukumiwa. Mateka ni mtu aliyetekwa, na hana kosa. Sheria ya 1929 imesimama juu ya tofauti hiyohiyo: mateka anazuiliwa ili asirudi kupigana, basi. Lakini tukifika kwenye neno la pili, Kiswahili kinaweza kutupotosha. "Kutoroka" kwetu kuna harufu ya hatia. Mtoro ni mwanafunzi aliyekwepa shule au askari aliyekimbia jeshi. Mateka anayepenya chini ya ukuta yuko kinyume kabisa na mtoro, maana anarudi kazini. Mkataba ulilitambua hilo. Aliyetoroka akakamatwa alistahili adhabu ya nidhamu peke yake, kifungo kisichozidi siku 30. Aliyefanikiwa kurudi jeshini kwake, kisha akatekwa tena siku nyingine, hakuweza kuadhibiwa kwa kule kutoroka kwa kwanza. Hatari ya risasi ya mlinzi ilibaki palepale, lakini hiyo ni hatari ya usiku wenyewe, si hukumu ya kesho yake.

Mkataba huohuo ulikataza maafisa kulazimishwa kufanya kazi. Ndiyo siri ya mahandaki yote tunayoyasikia. Askari wa kawaida angeweza kupelekwa shambani au barabarani kutwa nzima, akarudi hoi. Afisa alikuwa na siku nzima, wenzake, na kuta za kutazama. Adi Ugri, Wilson na wenzake walichimba.

Wakenya wanao mfano wa karibu wa sheria hii, ila uko upande wa pili. Majeshi ya Italia yaliposhindwa mwaka 1941, makumi ya maelfu ya mateka waliletwa Kenya, na kanisa dogo la Mai Mahiu, pembeni mwa barabara ya bonde, ni kazi ya mikono yao. Januari 1943 Waitalia watatu walitoroka kambi ya Nanyuki, wakaupanda Mlima Kenya, wawili kati yao wakasimika bendera yao Point Lenana, kisha wote watatu wakarudi na kujisalimisha. Walipewa siku 28 za selo, zikapunguzwa kuwa saba. Waliokuwa wakishangaa kwa nini Waingereza hawakuwafanya jambo baya zaidi wanasahau kwamba kikomo kiliandikwa: siku 30.

Handaki la Adi Ugri halikuwahi kumtoa mtu. Machi 1941 Waingereza na Wahindi waliuvunja mlango wa milima huko Keren, baada ya mapigano ya wiki nyingi. Tarehe 1 Aprili Asmara ikaanguka. Kambini Waitalia waliondoka, na mateka wakatoka kwa miguu yao kupitia juu ya ardhi waliyokuwa wakiichimba chini. Wengine wataona hapo mwisho uliopoa. Mimi nafikiri kule kuchimba ndiko kunakotueleza hali ya mtu yule: bega lililopondwa, jicho lililoumia, nchi yake inamhesabu marehemu, na yeye yumo kwenye kazi ya kurudi.

Alirudi kweli. Alitumikia kikosi cha masafa marefu cha jangwani huko Afrika Kaskazini, na Julai 1942 Mfalme George wa Sita akamvisha nishani yake katika jumba la Buckingham. Mwaka 1944 alikuwa Burma, kule ambako babu zetu walikuita Bama, akiwa na Keya ya 11 kutoka Kenya katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyosukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, matope yakifika magotini. Homa ya taifasi ilimlaza, na alipopona akapewa chuo cha mafunzo ya askari huko Jinja, Uganda. Alistaafu jeshi mwaka 1949 akiwa na cheo cha luteni kanali, akajiunga na utawala wa kikoloni Tanganyika, akakaa mpaka mwaka 1961, bendera ilipobadilika. Baadaye, Uingereza, alikuwa katibu wa chama cha urafiki wa Waingereza na Wasomali.

Kuna mtu tumempita haraka. Katika maelezo yale ya Oktoba 1940 imeandikwa kwamba sajenti wake Msomali aliuawa pembeni yake. Basi. Hakuna jina. Ukiyasoma maelezo yote utaona kwamba karatasi ile ilimkosea aliyemtaja kwa jina na cheo na rejimenti, ikampata sawasawa yule isiyemtaja. Kifo kilichothibitika katika boma lile kilikuwa cha sajenti. Wapo pia wapiga bombomu wengine waliorejesha mashambulizi tarehe 11, wakajeruhiwa na makombora yaleyale yaliyopita kwenye tundu, wakakaa mpaka tarehe 15. Maelezo ya nishani yanawaita "wapiga bunduki wa Kisomali chini ya uongozi wake".

Sajenti aliitwa Omar Kujoog. Toleo lile la gazeti bado limehifadhiwa na yeyote anaweza kulisoma, likiwa limeandikwa vilevile kama lilivyotoka: Kapteni Wilson ameuawa saa 11 jioni, na mtu aliyekufa pembeni yake hana jina.